Dagný Si Dada Yangu

Siku niliyoambiwa kwamba mwanangu ni dada yangu, niliukalia mhuri wa ofisi.

Sisemi kwa mafumbo. Mhuri ulikuwa mezani, ule wa plastiki wa kubonyeza wenye wino wa zambarau, na katibu wa chama alikuwa ameshanyoosha mkono auchukue. Nikamtangulia. Niliunyakua, nikarudi kwenye kiti changu, nikauweka chini yangu na kuketi juu yake, mtoto amelala begani.

"Dada," katibu akasema polepole, vile watu husema na mtu aliyeshika kisu, "hebu rudisha mhuri."

"Andika jina la mtoto kwanza."

"Nimeandika."

"Umeandika jina la mtu mwingine!"

Nilipiga kelele. Mtoto akashtuka, akaanza kulia, na mimi na yeye tukawa tunalia sauti moja mbele ya watu waliopanga foleni kutoka mezani hadi kwenye ngazi.

Wacha nieleze, maana anayesoma anaweza kudhani nilirukwa na akili.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la fundi cherehani, mtaa wa Hindawiya, Jeddah. Ni ya chama chetu sisi watu wa nyumbani tunaofanya kazi huku, chama cha kuzikana na kusaidiana. Kazi yake mojawapo ni kuwaandalia karatasi akina mama kama mimi, waliozaa huku bila cheti cha ndoa, ili watoto waruhusiwe kusafiri kurudi nyumbani. Mtoto asiye na karatasi hapandi ndege. Jina atakaloandika katibu ndilo litakalopelekwa mbele, na likishapelekwa mbele, halas, limeganda. Mtoto atasafiri nalo, ataandikishwa shule nalo, ataolewa nalo.

Katibu ana mazoea ya kusoma kila fomu kwa sauti kabla ya kupiga mhuri, kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Yangu aliisoma hivyo hivyo. "Jina la mtoto," akasema, na lililofuata likawa jina la mwanamke wa kwenye Biblia. Zuri, sina ubaya nalo, ila si la mwanangu. "Jina la mama," akasoma la mama yangu mzazi. "Jina la baba," akasoma la baba yangu.

"Mzee," nikamwambia, "baba yangu alikufa nikiwa darasa la saba. Huyu amemzaa lini?"

Dereva mmoja nyuma yangu akacheka kwa pua. "Labda alirudi kwa likizo," akasema, na foleni nzima ikaangua kicheko.

"Ni ya karatasi tu, dada," katibu akasema. Yeye hakucheka, hilo nimpe haki yake. "Karatasi haijui nani yuko kaburini. Kwani nyumbani hufanywa vipi? Msichana akizaa, mtoto huandikwa wa nyanya yake, maisha yanaendelea. Nimekusitiri."

Ndipo nikaufuata ule mhuri. Tangu asubuhi nilikuwa nimejibu maswali yake yote mbele ya watu: baba wa mtoto ni nani, yuko wapi, mlioana wapi, cheti kiko wapi, kwa nini hakipo. Nilijibu nikiangalia viatu vyangu. Uso ulikuwa unawaka lakini nilijibu, kwa sababu mwisho wa maswali hayo palikuwa na karatasi ya mwanangu. Na sasa ananiambia amenisitiri. Amenivua nguo mbele ya madereva, kisha amenifunika kwa kumchukua mtoto wangu.

Mwanangu anaitwa Dagný. Katika maandishi haya sitataja jina la mtu mwingine yeyote, na hili nalitaja kwa sababu ndilo lililoleta vita.

Jina hilo nililipata jikoni, Riyadh, kabla sijajua kwamba nitakuwa mama.

Nilikuwa nimekaa nyumba ya kwanza mwaka mmoja na nusu, nyumba kubwa ya watu wengi, halafu nikahamishiwa kwa familia ya wageni iliyoishi ndani ya mtaa wenye ukuta na geti. Baba mwenye nyumba alikuwa mhandisi. Madam alitoka Iceland, nchi niliyoijua kwenye ramani ya jiografia tu, kama kitu kilichodondoka pembeni mwa Ulaya na hakuna aliyerudi kukiokota. Walikuwa na msichana mmoja mdogo, nywele nyeupe kama katani, na huyo ndiye aliyeitwa Dagný. Kazi yangu ilikuwa yeye. Nilimwosha, nikamlisha, nikamkimbiza bwawani, na usiku akikataa kulala nilimwimbia nyimbo za kwetu. Alizishika. Baba yake alimkuta siku moja anamwimbia paka wa jirani wimbo wa Kikipsigis, akaniuliza kama ni wa kanisani. Nikasema ndiyo. Ulikuwa wa kukamua ng'ombe.

Mwezi wa Januari, asubuhi, madam alivuta mapazia ya jikoni kuzuia jua, kama tulivyofanya kila siku, kisha akachukua kikaango akaanza kupika. Nilitazama unga ule mwepesi ukimiminwa, ukizungushwa, ukigeuzwa.

"Madam," nikasema, "hizi hata kwetu zipo. Ni chapati za maji."

Akafurahi. Tulizungumza Kiingereza, chake cha shule na changu cha shule, kwa hiyo tulielewana vizuri kuliko wenye Kiingereza chao. Akaniambia kwamba alikozaliwa nyanya yake ni kijiji kilichobanwa na milima na bahari, na wakati wa baridi mlima hulificha jua kabisa. Si siku moja. Wiki baada ya wiki watu huenda kazini gizani na kurudi gizani, wanauona mwanga tu juu ya vilele. Mwishoni mwa Januari jua huchungulia tena, na siku hiyo kila nyumba hupika chapati hizi na kunywa kahawa, kulikaribisha.

"Kama mgeni," nikasema.

"Kama mtu wa nyumbani aliyechelewa," akasema.

Nyanya yake alizaliwa wiki hiyo, jua linaporudi, ndiyo maana wazazi wakampa jina hilo. Ni jina la kale, la lugha ya mababu zao. *Dag* ni siku, na *ný* ni mpya. Siku mpya. Nyanya alipokufa, madam alikuwa na mimba, na alipojifungua msichana, hapakuwa na mjadala ataitwa nani.

Nilishangaa. Nilidhani Wazungu wote huchagua majina kwenye kitabu, kama mtu anayechagua rangi ya ukuta. Kumbe hawa nao humrudisha marehemu, tena wana jina la mtoto aliyekuja na mapambazuko, kama sisi. Nikamwambia kwetu pia mtoto huangaliwa alizaliwa saa gani, kukicha au ng'ombe wakirudi, na jina likafuata hapo. Akataka nimwambie yote. Tukakaa na chapati zetu, mapazia yamefungwa, tukiwataja nyanya zetu kama wanawake wawili walio shambani.

Ndipo akasema kitu kingine, akigeuza chapati, kama mtu anayesema chumvi imeisha. Akasema kwao jina la ukoo halipo. Mtoto huitwa jina lake, kisha huitwa mwana au binti wa fulani. Wengi huchukua jina la baba. Yeye ameandikwa binti wa mama yake, kwa sababu baba yake hakuwepo.

"Imeandikwa hivyo? Kwenye pasipoti?"

"Kwenye pasipoti."

"Na watu husemaje?"

"Husema nini?"

"Hakuna aibu?"

Akanitazama, kikaango mkononi. "Aibu ya nani?" akauliza, na hakuwa anatania, alitaka jibu. Nikajifanya nafuta meza.

Mkataba wa yule mhandisi ulipoisha waliondoka. Walinitafutia kafili mwingine, yaani mwajiri ambaye ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, ingeandikwa chini yake, na huyo alikuwa Jeddah. Dagný mdogo alilia uwanja wa ndege akanishika shingo, na mimi nikalia zaidi yake. Nililipwa, nikaagwa vizuri, nikapewa na nguo. Sina kesi na watu hao.

Jeddah ndiko nilikokutana na baba wa mwanangu. Alikuwa dereva wa familia moja, mtu wa nyumbani, mwenye sauti ya kuimba na maneno yake yamepangwa. Tulifunga ndoa ya maombi sebuleni kwa watu, kwa soda na keki ya dukani. Karatasi, alisema, tutafuata tukifika nyumbani. Nilijinunulia pete mwenyewe ili nisionekane vibaya. Mimba ilipoanza kuonekana nikatoka kwa kafili kabla sijaulizwa, na yeye akaenda likizo. Laini yake ilizimwa kabla ndege haijapoa. Hayo ndiyo yote ninayoweza kusema juu yake bila kutukana, na hapa nimejiahidi kuandika kama mtu aliyesoma.

Nikahamia mtaa wa Karantina, hapo hapo Jeddah, chumba kimoja na mwanamke wa Mombasa anayepika maandazi na sambusa za kuuza. Ana ulimi mrefu kuliko mtaa. Ndiye aliyempokea mtoto kwa mikono yake, alfajiri, adhana ikiwa inalia, akinifokea, "Sukuma! Kwani ulidhani litatoka lenyewe kama jino?" Alipomkata kitovu akamfunga kwenye leso yake mpya na kusema, "Karibu, bibi. Umekuja mji mbaya lakini umekuja."

Sasa nifike kwenye chafya.

Kwetu Wakipsigis, mtoto hapewi jina, huulizwa. Wanawake wa ukoo humzunguka na kuwataja marehemu mmoja mmoja, na mtoto akipiga chafya, aliyekuwa anatajwa ndiye aliyerudi. Wengine humsaidia kwa ugoro kidogo kwenye pua, lakini hayo huwa hatuyasemi. Mama yangu hakukubali mjukuu wake akae bila kuulizwa, hata kama yuko Arabuni. Akawakusanya shangazi zangu nyumbani, wakapiga simu, nikaweka sauti kubwa, nikailaza simu kwenye godoro karibu na kichwa cha mtoto.

Wakaanza. Nyanya wa mama yangu, kimya. Dada yake nyanya, aliyekufa kwa nyoka, kimya. Wakapanda juu hadi kwa wanawake ambao mimi sikuwahi kuwasikia. Mtoto alitazama feni. Mwenzangu wa Mombasa alikuwa anakanda unga, akasema, "Hao wote wamemkataa ama yeye amewakataa?"

"Nyamaza," nikamwambia.

Mwishowe shangazi yangu mkubwa akasema kutoka kwenye simu, "Huyu si wa upande huu. Taja watu wa kwa baba yake."

Nikaivuta leso juu ya miguu ya mtoto.

"Unasikia? Taja nyanya yake mzaa baba. Taja shangazi zao."

Sikuwajua. Nimeishi na mtu, nimembebea mtoto, na sikujua jina la nyanya yake hata mmoja. Hakuwahi kuniambia na sikuwahi kuuliza. Wanawake wote wale kule nyumbani walikuwa wanasubiri, nasikia kuku wao, nasikia mtu anakohoa, na mimi Karantina nimeinama juu ya godoro. Mama yangu akasema polepole, "Hata mmoja, mwanangu?" Na sauti yake ilikuwa imeshuka kwa sababu ya wale wenzake waliomzunguka.

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Nikasema jina la marehemu pekee niliyejua habari zake zote, alikozaliwa, mlima uliomfichia jua, walichopika siku yake. Nikasema, kwa sauti ya ugomvi, "Dagný!"

Mtoto akapiga chafya. Akapiga ya pili.

"Huyo ni wa ukoo gani?" shangazi akauliza.

"Ni... ni wa watu wa mbali. Wa kwenye baridi."

Kule upande wa pili wakasemezana, nikasikia mtu anacheka, mtu anamkemea. Mama yangu akarudi kwenye simu. "Kama amepiga chafya," akasema, "amepiga chafya." Na akakata.

Mwenzangu wa Mombasa alicheka hadi akakaa chini na mikono yake ya unga. "Shoga! Yaani mtoto umempa jina la mtumba! Wengine huvaa nguo za watoto wa madam, wako amevaa bibi yao!" Karantina nzima ikalipata hilo neno. Nikipita na mtoto dukani naulizwa, "Mtumba hajambo?" Nami nacheka, kwa sababu usipocheka Karantina utaitwa lingine baya zaidi. Lakini likanichoma. Niliwaza kwamba ni kweli, nimechukua kitu cha watu kwa kuwa sina changu. Kuna wiki nzima nilimwita mtoto "wewe" tu.

Yule yule mwenzangu ndiye aliyeniuliza, siku moja anamwogesha, "Lakini lina maana gani?" Nikamwambia. Akamwaga maji taratibu juu ya kichwa cha mtoto. "Siku mpya," akasema. "Hilo ni dua hilo. Mwache nalo." Na tangu hapo akawa hamwiti mtumba, ila wengine hakuwakataza.

Basi turudi ofisini, nikiwa nimekalia mhuri.

Nilikaa hadi mwenyekiti akaitwa. Ni mama mtu mzima, amekaa Jeddah miaka mingi, watu humwita mama tu. Alipanda ngazi akihema, akasikiliza katibu, akanisikiliza na mimi, akamchukua mtoto mikononi kwanza ndipo akaniambia, "Simama, mwanangu." Nikasimama. Mhuri ulikuwa umejibonyeza kwenye baibui langu. Kwenye nguo nyeusi wino hauonekani, lakini mimi nilijua uko pale, na niliona kama kila mtu anajua.

"Hilo jina ni la wapi?" mwenyekiti akauliza. Nikaeleza, vibaya, nikirukaruka, jua, nyanya, chafya. Yule dereva akasema, "Kumbe baba ni Mzungu?" na watu wakacheka tena.

"Dada," katibu akasema, "akina mama wangapi nimewaandikia hivi? Waulize hapo. Nani amelalamika?"

Nikageuka kwenye foleni nikiwatafuta. Wanawake niliowajua, tunaochota nao maji, mmoja akarekebisha mtandio, mwingine akaangalia ngazi. Mmoja akaninong'oneza, "Kubali tu. Ukifika nyumbani utajua wewe mwenyewe nani mama yake."

"Faili zinaondoka Jumapili," katibu akasema. "Kama una malalamiko, yalete kwa maandishi kwa mwenyekiti. Huo ndio utaratibu. Si kukalia vifaa vya ofisi."

Nilishuka ngazi nikiwa nimeshindwa, nakwambia ukweli. Njia yote hadi Karantina nilikuwa najiambia nikubali. Jina ni nini? Nitamwita Dagný nyumbani, na shuleni aitwe hilo lingine. Mama yangu ataacha kuwadanganya watu wa kanisani kwamba mume wangu yuko Qatar. Nitakuwa dada mkubwa aliyetoka Arabuni na masanduku. Nitaweza hata kuolewa. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyowaeleza majirani kwamba mama yangu alizaa uzeeni.

Nikamwambia mwenzangu hayo yote akiwa anakaanga sambusa za jioni. Nilitegemea utani. Hakutania. Alizima jiko, na yeye hazimi jiko mafuta yakiwa moto.

"Wangu yuko Likoni," akasema.

"Wako nani?"

"Binti yangu. Nilimzaa kabla sijaja. Aliandikwa wa mama yangu, kusitiriana, kama anavyosema huyo katibu wenu. Sasa anasoma, ana akili, ananipigia simu kila Ijumaa." Akajifuta mikono kwenye leso, kila kidole peke yake. "Ananiambia, 'Dada, niletee viatu. Dada, mama anakusalimu.' Mwaka jana aliugua, nikampigia mama nikalia. Mtoto akachukua simu akaniambia, 'Dada, usilie, mimi ninaye mama hapa ananiangalia.'"

Tumelala chumba kimoja miezi yote hiyo na ulimi wake wote ule, hilo hajawahi kulitoa.

"Mwambie basi," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba mama yake ni mwongo na bibi yake ni mwongo na cheti chake ni cha uongo? Ashakuwa mkubwa yule. Atanichukia, tena kwa haki." Akawasha jiko. "Wewe una mpaka Jumapili. Yalla, kaa uandike. Usiniletee machozi hapa, nina kazi."

Nikaandika. Nilimaliza kidato cha nne, barua rasmi tulifundishwa, na nilijua inavyopangwa. Niliandika mara ya kwanza matusi matupu, nikachana. Mara ya pili niliomba msamaha mwingi mno, mwenzangu akataka niisome kwa sauti, akasema, "Hii ni barua ya kuomba kazi," nikaichana na hiyo pia. Ya tatu ndiyo niliyopeleka asubuhi, mtoto mgongoni, nikaikabidhi mkononi mwa mwenyekiti mwenyewe mbele ya katibu. Yaliyomo ni haya, nimetoa majina tu.

*Kwa Mwenyekiti wa Chama.*

*MINTARAFU: MALALAMIKO DHIDI YA KATIBU KUHUSU JINA LA BINTI YANGU*

*Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,*

*Mimi ni mwanachama, ninaishi Karantina. Ninalalamika kwamba katibu wa chama amebadilisha jina la binti yangu bila kuniuliza, na amemwandika kuwa ni mtoto wa wazazi wangu. Baba yangu ni marehemu. Mama yangu amekoma kuzaa. Mtoto huyu nimemzaa mimi, na mwanamke aliyempokea yuko tayari kuja kusema hivyo mbele yako.*

*Jina lake ni Dagný. Ni jina la kike la watu wa Iceland, na maana yake ni siku mpya. Nililipata kwa watu niliowafanyia kazi, sikuliiba, na mama yangu pamoja na shangazi zangu wamelikubali kwa desturi ya kwetu. Kama haliko katika orodha ya majina ambayo katibu ameyazoea, naomba alinakili kutoka kwenye barua hii, herufi kwa herufi, pamoja na alama iliyo juu yake.*

*Penye jina la mama, naomba liandikwe langu. Penye jina la baba, naomba pasiandikwe mtu. Sitaki aandikwe marehemu baba yangu, wala mwanamume mwingine wa kuazima, wala neno "hajulikani", kwa sababu mimi ninamjua, ila hayupo. Jina la pili la mtoto liwe jina langu. Nimeuliza kwa wanaojua, na nimeambiwa hakuna sheria ya chama inayokataza. Kama ipo, naomba nionyeshwe.*

*Ninakiri kwamba niliukalia mhuri. Hilo lilikuwa kosa na niko tayari kulipa wino.*

*Katibu amesema alifanya hivyo ili kunisitiri. Ninamshukuru kwa nia yake, lakini mimi sikuomba kusitiriwa. Aibu ninayo, na nitaibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Ninachokataa ni mtoto kubebeshwa aibu hiyo, hali hajafanya lolote. Akikua ataniita mama au hataniita, lakini asije akaambiwa na karatasi kwamba mimi ni dada yake.*

*Naomba pia akina mama wengine ambao watoto wao waliandikwa hivyo waitwe mmoja mmoja, faraghani, waulizwe kama waliridhia.*

*Mwisho, naomba majibu ya malalamiko haya nisipewe kando wala kwa simu. Fomu yangu ilisomwa mbele ya foleni. Na jibu lisomwe mbele ya foleni, kabla ya Jumapili, kwa sauti ile ile.*

*Wako mwaminifu,*

*Mama Dagný.*